Uzoefu wangu: ziara ya nusu siku Afrasiab, Samarkand

Wengi wakifika Samarkand, Uzbekistan, hukimbilia uwanja wa Registan, wakapiga picha, wakaondoka. Registan ni pazuri, sikatai, ila madrasa zake ni za karne ya 15 na ya 17. Kama unachotaka kujua ni nani hasa alikuwa anakula faida ya hariri kati ya China na Roma, lipia ziara ya Afrasiab.

Ni kilima cha udongo, mabaki ya Samarkand ya kale iliyobomolewa na Wamongolia mwaka 1220. Bila mtu wa kukueleza utaona mashimo na vumbi tu, na utasema umeliwa hela. Utamu uko ndani ya jumba la makumbusho: michoro ya ukutani ya karne ya 7, iliyofukuliwa 1965. Sehemu ya juu imepotea, rangi ya buluu bado inang'aa. Wajumbe wa nchi mbalimbali wamepanga foleni na zawadi zao, na ukisogea karibu utawaona Wachina wamebeba hariri mikononi.

Mwongozaji wetu alijua kazi yake. Hapo hapo mbele ya ukuta alitusimulia kisa cha Maniakh, Msogdi aliyetumwa Uajemi katika karne ya 6 kuomba ruhusa ya kuuza hariri huko. Wasogdi, wenyeji wa hapa, walikuwa madalali wa njia nzima mpaka China, lakini mlango wa kuingilia Roma ya Mashariki ulishikwa na Waajemi. Mfalme Khosrow akainunua hariri yote, akailipia, kisha akaichoma moto mbele ya macho ya wajumbe! Ujumbe wa pili ulipokwenda, wengi wakafia huko. Waajemi wakasingizia joto, wenzao wa marehemu wakasema ni sumu. Mwaka 568 Maniakh akawazunguka Waajemi na kutua Konstantinopoli kwenyewe, mji mkuu wa Roma ya Mashariki. Nimeshasoma habari za Waparthi waliotawala Uajemi kabla ya ukoo wa Khosrow, jinsi mjumbe wa China Gan Ying, aliyekuwa akielekea Roma, alivyotishwa na mabaharia mwaka 97 kwamba safari ya bahari huenda ikachukua miaka miwili, akageuza njia. Mchezo ni ule ule, ila huyu Khosrow alikuwa na roho ngumu zaidi.

Kasoro ipo. Kampuni iliyoandaa ziara ilitupitisha kwenye duka la skafu ambalo halikuwa kwenye ratiba, tukakaa huko karibu muda ule ule tuliokaa kwenye michoro. Bei zilikuwa juu kuliko sokoni, na sidhani mwenye duka alikuwa anagawa kamisheni kwa mapenzi tu. Nyota nne kwa tano.

Nenda asubuhi, kilimani hakuna kivuli. Unapoweka nafasi waandikie kabisa kwamba duka hulitaki, na uombe muda wa ziada ndani ya makumbusho.