Subaru au Evo? Mpangilio wangu kwa anayenunua gari la turbo la magurudumu manne Nakuru

Jumamosi jioni kwenye barabara ya Njoro utalisikia kabla ya kuliona. Mngurumo ule wa Subaru, wa kudunda kama moyo wa mtu aliyekimbia, hutokana na mabomba ya moshi ya urefu usiolingana. Likipita, lazima mmoja aseme, "Ngoja Evo ije," yaani Mitsubishi Lancer Evolution, mpinzani wake. Hapo ubishi umeanza, na chai itapoa.

Ubishi huu una mizizi kwetu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally akiwa na Mitsubishi Colt Lancer mwaka 1974 na tena 1976. Kisha zikaja Evo na Impreza ya Subaru, zote zilizoanza kuuzwa 1992. Tommi Mäkinen akashinda Safari na Mitsubishi 1996, Colin McRae akajibu na Subaru 1997. Richard Burns alishinda 1998 akiwa na Mitsubishi, akashinda tena 2000 akiwa na Subaru! Dereva alihama, mashabiki hawakuhama. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, makao yake yakawa Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Toyota imeshinda kila mwaka kuanzia hapo hadi 2025, lakini ukikaa kwenye vumbi la Soysambu, hifadhi inakopita mbio, bado utasikia watu wakigombania Subaru na Evo.

Mimi ni mtu wa Subaru, nalisema mapema ulipime neno langu. Miaka kumi ya kununua, kuuza na kulala chini ya magari haya imenifunza kwamba mapenzi ya mwenye gari yana faida moja kubwa kwa mnunuzi: huacha kumbukumbu. Anayelipenda kwelikweli ana daftari la sevisi, ana risiti, anamjua fundi aliyefungua injini na sababu ya kuifungua. Asiye na hivyo anapenda nembo tu, na nembo haikusaidii ukikwama Salgaa saa tatu usiku.

Namba moja kwangu ni Forester XT ya umbo la SJ, iliyotengenezwa hadi 2018. Ina injini ya FA20 ya nguvu farasi 280, nayo vali zake huendeshwa na cheni, si mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 kama kwenye injini za EJ20 za zamani. Imeinuka vya kutosha kwa barabara za Molo wakati wa mvua, na nyuma unaingiza magunia mawili ya viazi bila kuomba ruhusa ya mtu. Giaboksi yake ni ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, na hapo ndipo wengi huumia: mwenye gari atakwambia oili yake ni ya maisha yote. Usikubali. Uliza ilibadilishwa lini, na kama hajui, toa gharama hiyo kwenye bei. Tafuta iliyokwisha kaa nchini kwa mtu mmoja, kwa sababu sheria ya kutoingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa inazidi kuifungia mlango.

Namba mbili ni Subaru Levorg ya lita 2.0 au ndugu yake WRX S4. Injini ni ya ukoo huohuo, ila hapa imepandishwa hadi nguvu farasi 300. Ni gari la mtu mwenye familia anayetaka kupanda Mau Summit bila kuhema. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huchoka mapema kwenye mlima ule. Jihadhari na Levorg ya lita 1.6, maana kwa nje zinafanana na wauzaji wengine huzichanganya. Fungua boneti, soma namba ya injini.

Sasa namba tatu, na hapa marafiki zangu watanuna: Evo X, toleo la mwisho la Evo, mbele ya Subaru WRX STI. Evo ziliacha kutengenezwa 2016, kwa hiyo hakuna yadi itakayokuletea nyingine kutoka Japani. Zilizopo ndizo hizo. Wenye nazo ni wachache, wanajuana kutoka Nakuru hadi Eldoret na Kisumu. Ukitaja namba ya gari, kuna atakayekwambia lilibadilishwa klachi mwaka gani na kwa nini liliuzwa. Historia ya namna hiyo hainunuliki. Chukua yenye gia tano za mkono, uiache ile ya klachi mbili za kujiendesha, kwa sababu ikiharibika utaitafuta dawa yake mbali sana. Kagua pampu ya mfumo wa AYC, ule unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma. Imekaa mahali ambapo maji na matope hufika, ikaoza, na bei yake inaumiza.

STI ninaiweka ya nne kwa uchungu, kwa sababu ndiyo ninayoiota. Subaru iliaga EJ20 nchini Japani kwa toleo la magari 555, namba ileile iliyopakwa kwenye Impreza za McRae. Tatizo ni mikono iliyozipitia. Nyingi nilizoziona hapa zimeongezewa presha ya turbo na kurekebishwa kompyuta, kisha zikanyweshwa petroli yetu wakati zilitungwa kwa ile ya Japani yenye oktani, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati, karibu 100. Injini hugonga ndani, na pistoni huvunjika kwenye kingo za kushika ringi. Ukipata ambayo haijaguswa, sahau mpangilio wangu na uinunue.

Golf R ya Volkswagen ni gari zuri, lakini kabla ya kulipa, tafuta fundi wa Nakuru aliyewahi kubadilisha oili ya Haldex, klachi inayopeleka nguvu kwenye magurudumu yake ya nyuma. Mimi bado natafuta.

Chochote utakachochagua, anza na tairi. Nilinunua Legacy ya turbo kwenye yadi moja ambayo sitaitaja, ikiwa na tairi tatu zilizoisha na moja mpya kabisa, inayong'aa. Nikaiona kama zawadi. Kumbe gurudumu kubwa na dogo hazizunguki sawa, na klachi ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilikuwa ikisuguana kila kilomita niliyoendesha. Baada ya miezi miwili gari lilikuwa likirukaruka kila ninapokata kona ya kuegesha. Fundi wangu alikaa juu ya ndoo, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hukupima?" Sasa natembea na tepu ya fundi cherehani. Zungusha kwenye kila tairi. Tofauti ya mzingo ikizidi milimita 6, uliza maswali. Kisha kata usukani hadi mwisho kwenye lami kavu na uende polepole. Gari likishikashika, ondoka.

Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Menengai ikiwa bado imeshika, uweke kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, mtu amekutangulia kuificha kelele. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kwanza uangalie rangi ya maji, chomoa kijiti cha oili, halafu mwambie awashe huku wewe umesimama nyuma ya eksosi.