Vespa PX 150 E ya 1985: mwaka mmoja na nusu na skuta yangu ya kwanza ya zamani

Nina miaka 43. Pikipiki za kisasa nimeziendesha tangu ujana, lakini Vespa ya zamani kila ikipita nilikuwa nageuza shingo mpaka ipotee. Hatimaye nikanunua: PX 150 E ya 1985, injini ya mipigo miwili, gia nne za mkono wa kushoto, mali ya mzee mmoja aliyekaa nayo miaka mingi. Sasa ule mchecheto wa wiki za kwanza umetulia, naweza kuieleza ilivyo.

Nianze na ile ambayo sikuinunua. Ilikuwa ya buluu, inang'aa, siti mpya, kromu kila mahali. Muuzaji akasema imekarabatiwa kuanzia nati hadi nati. Mfukoni nilikuwa na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isije ikakwaruza rangi. Nikaibandika kwenye ngao ya mbele, ikashika. Nikaishusha hadi sakafuni, karibu na pedali ya breki, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena. Nikalala chini na tochi: fila, ule udongo wa kuzibia bati, imepakwa kwa unene wa kidole, na pembeni yake mshono wa kulehemu umefunikwa rangi ya lami. Hili si jambo dogo kwa Vespa. Haina fremu ya mabomba iliyojificha ndani. Bodi ya bati ndiyo fremu yenyewe, na sakafu ndiyo inayounganisha mbele na nyuma. Nilishukuru, nikaondoka.

Kwa ile ya mzee, nilimpigia simu kwanza, nikamwomba asiiwashe kabla sijafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake. Akanijibu, "Njoo uiguse mwenyewe, mwanangu. Utaikuta baridi." Nikaikuta baridi kweli. Rangi yake ya maziwa imefifia, imechubuka kwenye kona, na kutu ya juujuu inaonekana wazi bila kufichwa. Sumaku ilishika kila nilipoiweka. Namba ya chasisi ilikuwa sawa na ya kwenye kadi, na tarakimu zake hazikuwa na dalili ya kusagwa. Mzee akafungua koki ya mafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Ya tatu ikaitika. Moshi ulitoka, kama injini zote za mipigo miwili, ambazo huchoma oili pamoja na petroli, zikiwa baridi, kisha ukapungua. Ungebaki mzito na mweupe ningekuwa na wasiwasi kwamba injini inanyonya oili ya giabox kupitia sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya upande wa klachi, na sili hiyo haibadilishwi bila kuipasua injini, yaani kuitenganisha nusu mbili. Nikaomba kuipandisha mlimani na gia ya pili, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuchomoka msalaba wa gia, kile chuma kinachoshika gia uliyoichagua, ukilika. Haikuchomoka. Tukapatana palepale.

Kuiendesha kunataka ujifunze upya. Unabana klachi na kuuzungusha mshikio wote: moja juu, nyutro, kisha mbili, tatu na nne chini. Breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia. Injini imekaa ubavuni kulia mwa gurudumu la nyuma, kwa hiyo uzito haupo katikati, na siku za kwanza nilihisi kama kuna mtu ananivuta bega. Sasa silisikii tena.

Mpangilio huo ni kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki. Piaggio, kampuni inayoitengeneza Vespa, waliiandikisha hataza yake mwaka 1946. Nilielewa akili yake siku nilipopata pancha njiani. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, kwa hiyo halichomolewi kwenye ekseli: unafungua nati tano, unalivuta, unatoa la akiba lililo ndani ya ubavu wa kushoto, unaendelea na safari. Angalizo moja hapa, tafadhali: rimu ni ya vipande viwili vilivyoshikwa na nati nyingine. Hizo usiziguse tairi likiwa na upepo. Vipande vinaweza kuruka na kukuumiza vibaya.

Ugonjwa mkubwa niliopata ulianza mwezi wa tatu. Nikiachia eksileta, injini ilibaki inalia juu, haishuki. Nilihangaika na kabureta wikiendi nzima bure. Kumbe ilikuwa sili ya upande wa magneti (gurudumu la sumaku linalotoa umeme wa injini), imekauka na kupitisha hewa. Hewa ikizidi mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na pistoni inaweza kukwama. Bahati nzuri sili hii hubadilishwa bila kupasua injini: nilitoa magneti kwa pula yake, kifaa cha kulivutia, nikaondoa sahani ya koili, nikaichomoa ile sili. Ilivunjika mkononi kama ganda la yai. Nilipoweka mpya, injini ikashuka na kutulia kwenye mlio wake wa chini, nami nikakaa pale sakafuni nikiusikiliza kwa muda mrefu.

Yangu haina pampu ya oili, kwa hiyo nachanganya mwenyewe, mililita 100 za oili kwa kila lita 5 za petroli, na kwenye mteremko mrefu nagusa eksileta mara kwa mara, kwa kuwa ulainishaji wa pistoni unakuja na petroli hiyo. Ukifunga eksileta, umeinyima injini oili.

Nisichokipenda ni breki. Za dramu hizi, hasa ya mbele, haziendani na kasi ya magari ya leo, na anayetoka kwenye pikipiki yenye diski ajizoeze mahali patupu kwanza. Taa ya mbele usiku ni hafifu. Kebo nazo zinataka kukazwa na kupakwa grisi mara kwa mara, la sivyo gia zinakuwa za kubahatisha.

Ningeinunua tena, ileile. Watu wananiuliza lini naipaka rangi. Nimeiosha, nimesugua kutu ya kingo za sakafu na kupaka nta chini, basi. Rangi ya mzee nimeiacha.