Tathmini: Chakula cha Mchana cha Kuletewa Ofisini Milimani, Kisumu

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikila chakula cha mchana kinachopikwa na mama mmoja mwenye jiko dogo karibu na soko la Jubilee, kisha kikaletwa kwa bodaboda hadi ofisini kwetu Milimani. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale ambao ugonjwa wa moyo umekwisha kubisha hodi katika ukoo wao na ambao kazi haiwaachii nafasi ya kujipikia.

Baba yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 51. Nilipokwenda kupimwa, jambo la kwanza daktari aliloniuliza ni umri huo, kisha akanieleza kwamba baba au kaka akipatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, hatari huongezeka kwa ndugu wa damu hata kama wanajiona wazima. Presha yangu ilikuwa 138 kwa 88. Hakuniandikia dawa, bali aliniagiza nitembee kila siku, nipunguze chumvi na mafuta, na nirudi baada ya miezi sita. Wakati huo nilikuwa nikitoka nyumbani Mamboleo alfajiri na kurudi usiku, na mchana nilikula chipsi au samaki aliyezamishwa kwenye mafuta yaliyokuwa jikoni tangu asubuhi.

Sahani ya huyu mama ni shilingi 250 pamoja na kuletewa. Huwa na ugali wa wimbi na mtama, mboga za kienyeji, na kitoweo cha omena (dagaa), ndengu au ngege (samaki aina ya tilapia) wa kuchemsha. Hayo yote unaweza kuyapata kwingine mjini, lakini hapa chumvi hupimwa. Jumamosi moja nilimtembelea jikoni nikamkuta akiosha omena kwa maji moto, akimwaga na kurudia mpaka mchanga ukaisha, kisha akawakausha kwenye kikaango kisicho na tone la mafuta hadi wakaanza kulia. Baada ya hapo alitia vitunguu, nyanya, dania na kijiko kimoja cha mafuta kwa sahani nane, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko hicho hicho, kwa hiyo mlaji mmoja hapa hupata sehemu ya nane tu. Ndimu huikamua mwisho kabisa. "Ndimu ndiyo hutuliza ulimi, mwanangu," aliniambia, "ukiitia mapema inapotea na mtu anaanza kuulizia chumvi."

Tulikosana mara moja, katika wiki za mwanzo. Mrenda wake ulikuwa laini mno, na nilipomuuliza alinijibu kwa moyo mweupe kwamba hakuutia chumvi hata chembe, ila magadi kidogo. Wengi wetu tumelelewa hivyo, tukiyahesabu magadi kuwa kilainishi tu, ilhali yamejaa sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha katika chumvi ya kawaida. Nilipomweleza hakukasirika. Tangu siku hiyo ana sufuria ya pili, ambamo mrenda huchanganywa na majani machanga ya kunde na kuachwa motoni muda mrefu zaidi bila magadi. Ladha yake ni kali kidogo, na ilinichukua kama wiki mbili kuizoea.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha chakula hufika saa nane, wakati mwingine kimepoa. Ugali ni mwingi kupita kiasi, kwa hiyo mimi huagiza nusu. Managu (mnavu) huungwa kwa malai usiposema mapema kwamba unataka maziwa ya kawaida. Tunda ni kipande kimoja cha papai, nami hubeba ndizi na chungwa kutoka nyumbani, kwa kuwa gramu 400 za mboga na matunda zinazoshauriwa kwa siku hazifikiwi kwa sahani moja.

Mwezi uliopita nilipimwa 128 kwa 82. Siwezi kuipa sahani hii sifa zote, maana natembea pia kila jioni, lakini sina nia ya kuiacha. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa mboga hizi za majani zina potasiamu na vitamini K kwa wingi.

Oda hupokewa kabla ya saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukipiga simu, sema wazi kwamba unataka ya sufuria ya pili, kwa sababu usiposema utapakuliwa ya kwanza.