OpenModelica na vihisi vya Kariakoo: miezi minne na chumba cha samaki

Mimi ni fundi majokofu. Nimeifunga OpenModelica, programu ya kuiga mifumo kwa milinganyo, kwenye chumba cha baridi cha mama mmoja anayenunua samaki Feri na kuwahifadhi kwake Kigamboni. Programu ni ya bure. Nilichotaka ni pacha wa kidijitali: chumba kile kile ndani ya laptopu, kinachopokea namba za chumba halisi, kinishtue kompresa ikianza kuchoka.

Kwenye modeli sina neno. Unaandika milinganyo ya joto linaloingia ukutani, mlangoni, na la samaki wenyewe. Kuikokotoa ni kazi ya programu. Ukimaliza unaitoa kama FMU, yaani modeli iliyofungashwa kwenye faili moja, kwa kiwango cha FMI kilichoanza 2010 ili modeli iweze kuhama kutoka programu moja hadi nyingine. Yangu naiendesha kwa Python, lugha ya kuandikia programu.

Shughuli iko kwenye waya. ESP32, kompyuta ndogo ya saketi moja, inatuma jotoridi kila dakika kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mtandaoni. Siku ya tatu, saa nane mchana, yule mama akapiga simu: "Fundi, hii simu inasema samaki wangu wako nyuzi 85. Nimefungua mlango, mbona barafu ipo?"

85 kamili. Wanaoijua DS18B20, aina ya kihisi cha jotoridi nilichotumia, wameshacheka: ndiyo namba inayoamka nayo kabla haijapima chochote. Waya wa umeme ulikuwa umelegea, kihisi kinazima na kuwaka. Pacha wangu, maskini, aliamini, akakokotoa samaki wa kuchemsha. Sasa programu inasubiri milisekunde 750 kihisi kimalize kupima, na 85 kamili inatupwa.

Vihisi vyenyewe nilinunua vitano, duka moja Kariakoo, "orijino kabisa". Nikavitumbukiza kwenye bakuli la maji na barafu inayoyeyuka, ambako jibu ni sifuri. Vitatu vikakaa hapo hapo. Viwili vikasema 1.8 na 2.3, wakati DS18B20 halali haitakiwi kupishana zaidi ya nusu nyuzi hapo. Nikavirudisha. Muuzaji akanitazama: "Kaka, labda hiyo barafu yako ndiyo feki."

OpenModelica naipa nyota tano. Duka lile nalipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu muuzaji alinichekesha.

Wiki iliyopita pacha alisema kompresa inapaswa kupumzika dakika 12. Ya kweli ilikuwa inapumzika 7. Nikabeba geji nikidhani gesi imepungua. Kumbe raba ya mlango, imechanika chini, pale toroli linapogonga kila asubuhi.