Mfuniko wa gramafoni: dawa ya meno au msasa?

Mfuniko wa plastiki angavu wa gramafoni ya marehemu baba, hapa Mwanjelwa, Mbeya, ulikuwa umejaa mikwaruzo kwa miaka mingi ya kufutwa vumbi la kiangazi kwa kitambaa kikavu. Nikajaribu njia mbili, kila moja upande wake.

Dawa ya meno nyeupe, si ya jeli, ni rahisi: kitambaa laini cha pamba, unasugua kwa mviringo, unasuuza. Ukungu ulitoka. Mikwaruzo yenyewe ilibaki ikinicheka.

Msasa wa maji ndio kazi. Pitisha ukucha kwanza. Ukikwama kwenye mkwaruzo, dawa ya meno isahau. Anza na namba 1000, kisha 1500, halafu 2000, ukilowesha muda wote kwa maji yenye sabuni kidogo. Mfuniko utageuka mweupe kama nyasi za nyanda za juu za Kitulo zilizopigwa sakitu. Mke wangu alidhani nimeuharibu. Uangavu unarudishwa na polishi ya rangi ya magari, nami nilisugua karibu saa mbili. Pale mkono ulipochoka pana kiwingu hadi leo.

Thina usiiguse: plastiki hiyo itajaa nyufa ndogo ndogo, na hapo hakuna msasa wa kukuokoa.