Uzoefu wangu na ofisi ya vibarua Kariakoo: wamechukua 20,000 yangu kwanza, umri wakauona baadae

Jamani nina hasira, na hii nawaandikia nyie mlioingia Dar juzi mnatafuta kibarua cha haraka, hasa wanawake wenzangu mliovuka thelathini na tano. Hiyo ofisi msiende. Yaani msiende kabisa.

Duka nililokua nauza lilifungwa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, watoto wawili wanasoma, kwa hiyo sikua nachagua, nilitaka chochote cha kuingiza hela ya siku, kufagia, kupaki, kuosha vyombo, popote. Jirani yangu hapa Mbagala akaniambia kuna ofisi ghorofani kule Kariakoo, si mbali na Msimbazi, wanapeleka watu viwandani, ukijiandikisha wiki hiyo hiyo unaitwa. Nikaenda nimekamilika, kopi ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili, barua ya serikali ya mtaa ambayo nayo niliifuatilia siku mbili.

Meza ya mbele amekaa kaka mmoja kijana. Kapokea kopi ya NIDA, kaisoma, kajaza fomu, kasema usajili 20,000. Nikatoa. Hiyo hela niliikopa kikoba, nataka mjue. Akakata risiti, akafunga droo, halafu ndo ananiambia kwa sauti ofisi nzima inasikia, "We mama, viwandani wanataka mabinti, kwa umri huu nani atakuchukua, labda usubiri za usafi."

Mi nina miaka 41. Na tarehe yangu ya kuzaliwa alikua ameishika mkononi! Imeandikwa pale pale, kaisoma kabla hajataja hela, sasa kwa nini hakusema hapo? Nikamwambia taratibu, "Samahani mdogo wangu, basi naomba hela yangu nikatafute kwingine." Akanijibu, "Kwani mimi nilikuita?" Kwenye benchi kuna watu kama kumi na tano, wengi wakaangalia chini, binti mmoja akacheka. Nimeshuka zile ngazi miguu haina nguvu, nikakaa kwa muuza maji pale chini nalia, yule mama wa watu akanipa maji hakunidai hata mia.

Sasa nisimsingizie mtu, yule binti aliyekua mbele yangu kwenye foleni nilikuja kukutana nae, akaniambia aliitwa kesho yake kwenye kiwanda cha plastiki, na mwezi mzima alikua anafanya kazi. Kwa hiyo kazi wanazo, sio matapeli wa tuma kwa namba hii. Ukiwa na miaka ishirini na mbili labda utawasifia.

Mi kilichonisaidia ni kwenda mwenyewe kusimama geti la kiwanda. Mama ntilie mmoja barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti, aliniambia niwepo saa kumi na moja alfajiri, foromani anatoka na daftari, anahesabu vichwa kulingana na mzigo wa siku hiyo, wengine mnarudi nyumbani. Siku mbili nimerudi na nauli imeenda bure, ya tatu nikaandikwa. Kufungasha maboksi, 6,000 kwa siku, unasimama mpaka kiuno kinakufa, lakini jioni hela mkononi na hakuna aliyeniuliza miaka. Mjue tu hamna mkataba, ukiumia ni wewe na Mungu wako.

Nilishaamua hiyo ofisi naipa sifuri. Halafu baada ya kama miezi miwili napigiwa simu, dada wa ofisi hiyo hiyo, meza ya ndani, ananiita dada na ananiuliza kwa heshima kama naweza kufanya usafi maonyesho ya Sabasaba. Kwangu Sabasaba ni barabara moja tu hiyo ya Kilwa, nikaenda. Siku kumi, 10,000 kila siku, nimelipwa yote kwenye simu bila kukatwa, na siku ya mwisho akaja mwenyewe kutushukuru. Nilimsimulia habari ya yule kaka. Akanyamaza kidogo akasema, "Pole sana dada yangu." Hapo nikalainika, nikasema basi, ofisi sio mbaya, mbaya ni mtu mmoja.

Lakini kaka yangu anayejua mambo ya ajira ndo kanichefua tena. Anasema kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 zinakataza kumtoza hela anayetafuta kazi, anayetakiwa kulipa ni mwajiri, na TaESA, ile huduma ya ajira ya serikali, unajiandikisha bure. Kwa hiyo 20,000 ile haikutakiwa hata itoke kwenye pochi yangu! Na mimi nilikua nashukuru kwa Sabasaba kama nimefanyiwa hisani! Watu wangapi wanapanda zile ngazi kwa siku na hela ya kukopa, wanaambiwa wazee, wanashuka?

Kama lazima uende, chungulia kwanza. Ukimkuta yule dada, ongea nae yeye, na usitoe hata mia kabla hajakwambia kazi ni ipi na iko wapi. Ukimkuta yule kaka geuka. Mi risiti yangu ninayo mpaka leo, 20,000 ya usajili, na hata jina langu alikosea kuliandika.