Swichi tatu, anwani moja: uzoefu wangu wa kustaki Moshi

Nahudumia mtandao wa shule ya bweni hapa Moshi, njia ya Kibosho. Zamani swichi zetu tatu (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa waya) zilijitegemea, kila moja na IP yake, yaani anwani yake ya mtandao, na nywila yake. Kuongeza VLAN ya maktaba, yaani mtandao uliotengwa ndani ya mtandao uleule, kulimaanisha kuingia mara tatu, na nikisahau moja tu, simu ya mhasibu haichelewi: "Mwalimu, mfumo wa ada haufunguki huku."

Tukanunua Cisco Catalyst 2960-X tatu, za poti 48 (matundu ya kuchomeka waya), ili tuzistaki, yaani tuziunganishe kwa kebo maalumu zifanye kazi kama swichi moja. Mnaotaka kununua, angalieni modeli kwanza: zile zinazoishia na LL hazistaki. Hata zinazostaki zinahitaji moduli ya FlexStack-Plus, inayouzwa peke yake na kuchomekwa nyuma, pamoja na kebo zake za nusu mita, mita 1 au mita 3.

Kufunga ni kazi ndogo. Ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu irudi kwa ya kwanza. Hiyo kebo ya kurudi wengi huiacha kwa sababu mtandao unafanya kazi hata bila hiyo. Tafadhali msiiache. Pete ikiwa imefungwa, kebo moja ikikatika staki inabaki nzima, ila kasi inashuka kutoka gigabiti 80 kwa sekunde hadi 40. Bila pete, kebo ikikatika unapata staki mbili zenye IP ileile zinazogombana.

Baada ya hapo unaingia mara moja na kuziona poti zote: 2/0/14 ni swichi ya pili, poti ya 14. Kwangu hili peke yake lililipa gharama yote.

Sasa niseme lililoniumiza. Tulipohitaji swichi ya nne, nilipanda Coaster hadi Arusha nikanunua iliyotumika. Niliiwasha ili nihakikishe ni nzima, kisha nikachomeka kebo za staki ikiwa bado inawaka. Kila staki ina masta, yaani swichi inayoiongoza, na prayoriti ni namba inayosaidia kuamua nani awe masta. Swichi zetu zilikuwa na prayoriti ya kiwandani, yaani 1. Ile mpya mwenye nayo wa zamani alikuwa ameiwekea 15, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Staki mbili zinazowaka zikikutana (hata swichi moja peke yake huhesabiwa staki), mamasta wao hushindanishwa, na upande ulioshindwa hujiwasha upya na kufuata konfigi, yaani mipangilio, ya mshindi. Ndani ya dakika chache VLAN zetu zote zilikuwa zimetoweka na mahali pake kukaa za ofisi nisiyoijua. Ilikuwa wiki ya kulipa ada, wazazi wamejaa dirishani kwa mhasibu. Kilichotuokoa ni nakala ya konfigi iliyokuwa kwenye laptop yangu, na hata hivyo tulirudi hewani jioni.

Tangu siku hiyo, swichi inayoongezwa nafuta konfigi yake kwanza, narudisha prayoriti iwe 1, nahakikisha toleo la programu linalingana na la wenzake, naizima, ndipo nachomeka kebo. Masta nimempa 15 na msaidizi wake 14. Pia nimeweka amri stack-mac persistent timer 0, ili masta akibadilika anwani ya MAC ya staki (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) isibadilike. Umeme wetu ukikatika, UPS (betri ya akiba) ya rafu ya juu huisha mapema kuliko ya chini, kwa hiyo masta kubadilika si jambo geni.

Kasoro moja itabaki. Ukisasisha programu, staki yote inazimika na kuwaka pamoja, kwa hiyo hakuna jengo linalosalimika. Mimi huifanya kazi hiyo Jumamosi usiku, wanafunzi wakiwa wamelala.

Ile swichi ya nne sasa inahudumia bweni la wasichana. Waya mbili za kwenda kwenye rauta nimeziunganisha ziwe njia moja, mguu mmoja kwenye swichi ya kwanza na mwingine kwenye ya tatu, na kila swichi ina namba yake kwa stika kubwa mbele.